Adui Hualikwa Kwanza

Sipendi mpira wa kikapu. Nalisema hili mapema ili msomaji anayeupenda apate nafasi ya kunichukia tangu mwanzo, kabla sijampa sababu nyingine. Ukifunga, mpira unapita kwenye wavu usio na kitako, unaanguka chini pale pale, na kazi inaanza upya. Nyumbani kwetu kazi ya namna hiyo tunaiita kuosha vyombo.

Lakini binti yangu anaupenda, anasoma katika chuo ninachofundisha, na ndiye nahodha wa timu ya wasichana. Mambo hayo matatu yalitosha kuniharibia msimu mzima.

Chuo chetu kimebanwa kati ya Mwembe Tayari na Shimanzi. Upande mmoja unasikia wapiga debe wa mabasi ya bara wakigombania abiria, upande wa pili malori ya makontena yakinguruma kusubiri zamu. Uwanja wa kikapu uko upande wa malori. Una sakafu ya saruji, vikapu viwili, na jukwaa la ngazi ambalo fundi wake alilielekeza magharibi, ili kuanzia alasiri jua limkabili mtazamaji kama polisi anayemhoji. Kivuli hakuna. Choo kipo, ila kimefungwa, na mwenye ufunguo kila unapomwulizia amekwenda mazishini. Watazamaji wa kawaida walikuwa wachumba wa wachezaji, paka, na dereva wa lori mmoja mmoja aliyeegemea ua akingoja foleni isogee. Nami nilikuwa nikienda. Nilikaa ngazi ya juu kabisa nikisahihisha insha, ili mtu akiniuliza nimefuata nini niwe na jibu la kitaaluma.

Naibu mkuu wa chuo, bwana mwenye manukato yanayomtangulia kuingia na kuchelewa kumfuata anapotoka, kila alipoutazama uwanja ule aliona malori. Kulikuwa na kampuni ya usafirishaji hapo jirani iliyokuwa ikitafuta mahali pa kuegesha. Alituita ofisini, mimi na mwalimu wa michezo, akatukalisha kwenye viti vifupi kuliko chake.

"Mabwana," alisema, "uwanja usio na watazamaji ni maegesho yaliyochelewa. Mechi ya mwisho ya nyumbani nitakuja mwenyewe. Nikikuta jukwaa limejaa, uwanja ni wenu. Nikiukuta hivi hivi ulivyo, Jumatatu malori yanaingia."

"Na timu?" niliuliza.

"Timu itacheza bao. Halihitaji nafasi."

Kisha akatutangaza kuwa kamati. Mwalimu wa michezo ndiye mwenyekiti kwa sababu ana filimbi, na mimi ni katibu kwa sababu, alisema, "wewe huandika andika magazetini." Katika chuo chetu hakuna tusi kubwa zaidi.

Nilimkuta binti yangu kando ya uwanja akifunga kamba za viatu. Tangu mimi na mama yake tuachane, huzungumza nami kama karani wa bandarini: hujibu ulichouliza, kisha dirisha linafungwa. Zaidi ya hayo, alikuwa amekataa nafasi ya chuo cha Nairobi ili abaki na timu hii, na mimi nilikuwa nimempa maoni yangu kuhusu uamuzi huo kwa maneno niliyoyachagua vizuri mno. Nikamweleza aliyosema naibu mkuu.

"Na wewe ndiye uliyepewa kazi ya kutuokoa?"

"Mimi na mwalimu wa michezo."

Alivuta kamba mpaka kiatu kikalia. "Basi tumekwisha," akasema, akaenda kurusha mpira. Aliurusha tena na tena, na kila ulipoingia hakugeuka kuona kama ninatazama. Nilikuwa ninatazama. Nilijua vilevile kuwa uwanja huu ukifungwa, miaka yake yote iliyobaki chuoni itakuwa ushahidi kwamba baba yake alisema kweli, na hakuna mtoto anayemsamehe mzazi kwa kosa la kusema kweli.

Mwalimu wa michezo ni mtu wa bara, mwema, mwenye matumaini ya kuchosha. Alikuwa amesoma mahali fulani kwamba shabiki haji kutazama mchezo, anakuja kufurahia siku. Kwa hiyo akaanza kutengeneza siku. Katika mechi iliyotangulia ile ya mwisho alikodi spika kubwa kuliko kabati la bibi harusi. Akaandaa fulana za kurushiwa watu, na watu hawakuwapo, ikabidi wachezaji wa akiba wazirushe na wazidake wenyewe. Jambo la mwisho lilikuwa papa: mwanafunzi wa kiume alivishwa sponji ya godoro iliyokatwa mapezi na kupakwa rangi ya kijivu, akaambiwa acheze pembeni ya uwanja kuamsha ari. Mombasa, alasiri, ndani ya godoro. Katika robo ya pili papa alipiga magoti, akalala ubavu, akatolewa nje akivutwa kwa pezi. Siku hiyo watazamaji walipungua, kwa maana hata paka waliondoka kwa sababu ya spika.

"Tatizo ni matangazo," mwalimu wa michezo alisema tukimpepea papa. "Watu hawajui."

"Wanajua," nilisema. "Hawataki."

"Mwalimu, wewe una roho mbaya."

Nilimwambia kwamba hilo ndilo jambo la kwanza la busara lililotoka katika kamati yetu.

Hata hivyo alitengeneza bango la kusambaza kwenye simu, lenye picha ya binti yangu akiruka. Nililituma kwa kila ninayemjua katika Mji wa Kale, ambako nimezaliwa na ambako sijapata kuheshimiwa. Majibu yalimiminika. Mashallah. Mungu amlinde. Amefanana na babu yake. Hakuna hata mmoja aliyesema atakuja.

Ikabidi niende kwa dada yangu mkubwa.

Dada yangu ana kikundi cha vugo. Kwa asiyejua, hao ni wanawake wanaoimba harusini huku wakigonga pembe za ng'ombe kwa vijiti, na nyimbo zao, pamoja na kumsifu bibi harusi, huwa na maneno kwa ajili ya mtu fulani aliyekaa upande wa pili. Huyo mtu fulani hutajwa bila kutajwa, na hujijua. Dada yangu ni bingwa wa fani hiyo. Nimesoma hadi chuo kikuu nikafundishwa kejeli na maprofesa watatu wa nchi tofauti, na sijafikia kisigino chake.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Hakuniambia nikae.

"Bango uliliona?" nilimwuliza baada ya salamu, ambazo kwake hazifupishwi hata nyumba ikiungua.

"Nimeliona. Nimeliona na la dawa ya mende. Nalo niliendee?"

"Dada, ni mchezo. Mlango uko wazi kwa kila mtu."

"Mlango ulio wazi kwa kila mtu ni wa soko. Mimi huenda nikiitwa." Akatupa kijiwe nje ya dirisha. "Umekuja hapa kunialika, au umekuja kunituma?"

Nikaelewa, kwa kuchelewa kama kawaida yangu, kwamba kwa msimu mzima chuo kilikuwa kinatangaza na hakijapata kumwalika mtu hata mmoja. Kwetu mwenye shughuli hutuma watu wapite nyumba kwa nyumba, wabishe, waketi kidogo, waulize hali za wagonjwa, ndipo waseme: fulani anawaalika. Bila hivyo, kwenda ni kujidhalilisha. Jambo hili nilikuwa nalijua tangu ningali mtoto. Nililisahau kwa sababu lilikuwa halimo katika vitabu vyangu.

Nilimweleza habari za malori. Dada yangu aliacha mchele.

"Yani mwana wa ndugu yangu anyang'anywe uwanja yapewe malori?"

"Ndivyo."

"Na weye katibu umefanya nini?"

"Tulikuwa na papa."

Alisimama akajifunga leso. "Rudi kwako," alisema. "Nitaalika."

Na aliita wanawake wake, na wakapita. Walipita Kibokoni, wakapita Kuze, wakapanda ngazi za ghorofa na kubisha milango ambayo mwenyewe huwa naizunguka nisionekane na wenye nyumba. Niliporudi baada ya siku chache kumshukuru nilimwuliza jambo lililokuwa likinitia wasiwasi.

"Na yule?"

Hakukuwa na haja ya kumtaja. Yule ni kiongozi wa kikundi kingine cha vugo, wa mtaa wa pili. Zamani walikuwa mashoga wa kuvaa leso pacha, mpaka siku mmoja alipomtungia mwenzake ubeti kuhusu pilau iliyoungua. Kila mmoja anasema aliyeanza ni mwenzake. Tangu hapo hawajasemezana ila kwa nyimbo.

"Yule nimemwalika wa kwanza," alisema dada yangu.

"Wa kwanza!"

"Ndoo hapa nikufunze, msomi. Adui ukimruka, umempa la kusema mwaka mzima. Ukimwalika, umempa heshima ya kutokuja. Atasema ana homa. Nami nitamwombea apoe, na kila mtu atakaa na adabu yake."

Ndivyo wanavyofanya, na ndivyo walivyofanya bibi zetu. Nilitikisa kichwa kwa kukubali kama mwenyeji. Ningekuwa mgeni ningeuliza swali la kipumbavu: na akija?

Kulikuwa na swali jingine ambalo nililiuliza nusu. "Uliwaambia saa ngapi?"

"Saa kumi. Si ndivyo ulivyosema?"

Saa kumi kwenye mwaliko, kwetu, maana yake ni kwamba saa kumi mtu aanze kufikiria nguo. Kuna sala, kuna chai, kuna kuoga, kuna kumngoja anayepiga pasi buibui. Nilijua hayo vilevile. Nikajiambia kwamba safari hii wataelewa kuwa ni mchezo wenye saa. Sijui nilitoa wapi imani hiyo. Labda mwalimu wa michezo alikuwa ameniambukiza.

Siku yenyewe wageni walifika wakitokea bara, wasichana warefu wenye usingizi, wakatembea kwa miguu kutoka steji ya Mwembe Tayari na mabegi mgongoni. Kocha wao, mama mnene mpole, aliuliza choo kiko wapi. Nikamwambia habari za mazishi. Naibu mkuu alikuja mapema, akaketi mbele akiwa amevaa miwani ya jua, na kwa kuwa yeye alikuwapo, kitu katika chuo chetu kilianza kwa wakati kwa mara ya kwanza ninayoikumbuka.

Jukwaa lilikuwa tupu. Mtu asiyepata kuona jukwaa tupu asidhani ni kama chumba kitupu. Chumba kitupu kimetulia. Jukwaa tupu linakutazama. Nilikaa katikati yake kama jino lililobaki. Binti yangu alikuwa akidunda mpira na kila alipopita upande wetu aliinua macho, akaona ngazi, akaniona mimi, akashusha macho. Alianza kukosa. Wageni, ambao walikuwa wamelala kwenye basi shingo zikipinda, walikuwa wakitushinda taratibu, bila furaha, kama watu wanaopakua mizigo.

"Wako wapi?" mwalimu wa michezo alininong'oneza.

"Wanapiga pasi," nilijibu.

Wakati wa mapumziko naibu mkuu aliinuka, akakung'uta suruali. Binti yangu alikuwa amekaa kwenye benchi, chupa ya maji mkononi, hanywi. Alikuwa akimtazama yeye.

"Mwalimu, ahsante kwa juhudi," naibu mkuu aliniambia, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye benchi. "Jumatatu, basi."

"Bado nusu ya mchezo."

"Nusu ya mchezo, ndiyo. Nusu ya watu iko wapi?"

Akaelekea lango. Nilimfuata, kwa kuwa nilikuwa nimepata tusi zuri na sikutaka lipoe. Kabla sijalitamka zikasikika pembe.

Lango la chuo ni jembamba, na watu wa harusi hawapishani na mtu. Walikuja kwa safu, mabuibui yamepigwa pasi hadi yanang'aa, vikapu vya kaimati na birika za kahawa vikiwa vimebebwa kichwani na mkononi, na nyuma yao wanaume wa mtaa wakijifanya wanapita tu. Dada yangu alikuwa mbele. Akamkuta naibu mkuu katikati ya njia.

"Baba, wenda wapi, na shughuli ndiyo yaanza?"

"Mama, mimi nilikuwa natoka..."

"Atatokaje mwenye shughuli? Mchukueni."

Sijui kama walimshika. Nadhani hawakumshika. Safu iliendelea tu kusonga, naye alikuwa ndani yake, na ilipofika jukwaani alikuwa amekaa ngazi ya mbele, kikombe cha kahawa tungu mkono huu, halwa mkono huu. Mtu mwenye halwa mkononi hawezi kuondoka. Hajui aiweke wapi.

Walijaza upande wetu wote wa jukwaa, nyuma ya benchi letu. Binti yangu alisimama akawatazama, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze nikauona uso wake bila dirisha. Nikawa karibu kusema neno la upole. Ndipo pembe nyingine zikasikika langoni, na hizo hazikuwa zetu.

Yule alikuwa amekuja. Amekuja na kikundi chake kizima, wote wamevaa leso za sare, rangi ya machungwa, mpya, zilizotoka dukani kwa ajili ya siku hiyo.

"Hana homa?" dada yangu aliniuliza, midomo haichezi.

"Anaonekana ana afya tele," nilisema.

Yule alisimama akaangalia tulikokaa. Kisha, robo ya tatu ikiwa imeshaanza, alikata uwanja katikati na watu wake wote nyuma. Refa alipiga filimbi mpaka mashavu yakamwuma. Mchezaji mmoja wa wageni alisimama na mpira mkononi akiwapisha kwa heshima, kama mtu anayepisha jeneza. Walifika upande wa pili wa jukwaa, wakakaa nyuma ya benchi la wageni, na yule akavua leso ya begani akamfunika nayo kocha wao mabegani.

"Wana wa watu wamekuja hawana mwenyewe," akatangaza ili uwanja usikie. "Leo wana mama."

Wale wasichana warefu walitazamana. Nadhani walikuwa hawajapata kushangiliwa na mtu yeyote popote. Walichokifanya baada ya hapo ni kuamka usingizini.

Sitaeleza mchezo, kwa kuwa siwezi. Naweza kueleza nyimbo. Dada yangu alianza, polepole, kijiti juu ya pembe:

*Warefu kama minazi, vichwani hakuna tui.*

Upande wetu ukaitikia. Dereva wa lori aliyekuwa ameegemea ua alicheka akagonga kofia kwenye waya. Wageni hawakulielewa fumbo, ila walielewa kicheko, wakafunga. Yule hakungoja:

*Mwenyeji kapika wali, mgeni kamla yeye.*

Nilimwona dada yangu akipokea neno "wali" kama kofi. Pilau ilikuwa imerudi. Kuanzia hapo hakuna aliyekuwa akiimba kuhusu mpira, na kila mtu alikuwa akiutazama mpira kwa hofu ya kweli, maana kila kikapu kilikuwa ubeti uliopata ushahidi. Wakifunga wetu, pembe zetu zinamwambia yule: umeona? Wakifunga wao, machungwa yote yanainuka. Wanaume waliokuwa wanapita tu walikuwa wamepanda ua. Mwalimu wa michezo alikuwa analia. Alidhani hii ndiyo furaha ya shabiki. Nilitaka kumwambia kwamba hakuna aliyefurahi hapa, watu wanachukiana, lakini jukwaa lilikuwa limejaa pande zote mbili, nikaona nisimvurugie takwimu.

Binti yangu alicheza kama mtu aliyetukanwa, na alikuwa ametukanwa, kwa jina la shangazi yake. Alipunguza pengo peke yake. Mara moja alimpita msichana wa pointi nyingi wa wageni, akafunga, akageuka kuwatazama machungwa na kuwaonyesha kidole kimoja mdomoni: kimya. Nikaona ile sura. Ni ya dada yangu. Ni ya mama yetu pia, Mungu amrehemu, akiwa dirishani anajibizana na jirani.

Mwishoni tulikuwa nyuma kwa pointi moja na mpira uko mikononi mwake. Wote walinyamaza isipokuwa yule. Alikuwa ameutunza ubeti wake kwa ajili ya wakati huo, na aliuimba peke yake, bila pembe, kwa sauti tamu ya mtu anayembembeleza mtoto:

*Kikapu ki juu sana, mkono haufikii.*

Binti yangu aliurusha. Ukagonga chuma, ukazunguka, ukafikiri, ukatoka.

Wageni walipiga kelele wakamkumbatia yule mpaka leso ya kichwani ikaanguka. Upande wetu hakuna aliyesogea. Binti yangu alikaa chini pale pale kwenye saruji akawa anatazama lango, mahali malori yatakapopitia. Naibu mkuu aliweka kikombe chini na kutafuta mahali pa kujifutia halwa.

"Hongereni kwa kujitokeza," alimwambia dada yangu. "Imependeza. Kwa bahati mbaya ndiyo ya mwisho."

Dada yangu alikuwa hajaondoa macho upande wa pili. "Lini tena?" akauliza.

"Mama, nasema ndiyo ya mwisho. Uwanja huu una mipango mingine."

"Lini tena?"

Yule alikuwa amefika, kwa vile asingekubali mazungumzo yoyote yafanyike bila yeye. Alisimama hatua kadhaa kutoka kwa dada yangu, akazungumza na naibu mkuu kana kwamba dada yangu ni nguzo.

"Mimi sina neno," alisema. "Wakifunga uwanja leo, ubeti wa mwisho ni wangu. Utabaki wangu hadi kiyama. Fungeni, baba. Fungeni hata sasa hivi, nitawashikia kufuli."

Nilimwona dada yangu akipumua kupitia puani.

"Wamsikia?" alimwambia naibu mkuu. "Wataka kumpa yule ushindi wa milele? Nimekukosea nini mimi? Nimekupa halwa yangu, ukala. Nimekuketisha mbele. Weye mtu wa wapi?"

"Mama, nitalitafakari."

"Tafakari hapa. Sisi tuna nafasi."

Walimzunguka, mabuibui upande huu, machungwa upande huu, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi vikundi viwili vilikuwa vinataka jibu kutoka kwa mtu mmoja. Alinitazama mimi, katibu. Nilitazama juu, nikakuta jua limekwisha kuzama nyuma ya makontena, na hewa ilikuwa nzuri. Kocha wa wageni, leso mabegani, alisema kwa sauti ndogo kwamba wao wangeweza kurudi mwezi ujao, mechi ya kirafiki.

"Ya kirafiki!" dada yangu na yule walisema kwa pamoja, na ndilo jambo la pekee walilokubaliana siku hiyo.

Naibu mkuu alisema mwezi ujao. Alilisema mbele ya watu wote wale, akiwa na halwa mashavuni, na katika Mji wa Kale neno la namna hiyo haliondolewi kwa barua. Jumatatu malori yalibaki barabarani yakinguruma. Kampuni ile ilipata mahali pengine, Kibarani, wanasema.

Mechi ya marudiano, yule alituma turubai la harusi lifunike upande wake tu. Habari zilipomfikia dada yangu, alituma kubwa zaidi kwa upande wetu. Kwa hiyo sasa tuna kivuli. Yule pia aliuliza ufunguo wa choo, mara moja tu, na mwenye ufunguo akapatikana akiwa hai na hana msiba wowote. Mwalimu wa michezo ameandika ripoti kuhusu mafanikio ya kamati, na ndani yake mmetajwa papa.

Kuhusu binti yangu, alikuja kwangu jioni moja kabla ya marudiano kuchukua chaja yake. Nilikuwa nimejiandaa kushukuriwa. Nilikuwa hata nimenunua soda.

"Baba," alisema, "ulialika watu waje kumshangilia adui yangu."

"Shangazi yako ndiye aliyemwalika."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua atasema ana homa."

Aliizungusha chaja mkononi, waya ukajisokota. Nikangoja dirisha lifungwe. Halikufungwa mara moja.

"Marudiano utakuja?" akauliza.

"Nikitakiwa."

"Kaa upande wao. Kwenye machungwa." Alikuwa ameshafika mlangoni. "Nikikuona kule nacheza vizuri zaidi."

Basi ndiko ninakokaa. Yule hunipa kahawa bila kunisemesha, kwa kuwa mimi ni ndugu wa mtu fulani, na leso ya machungwa hunitandikia magotini nisichafuke. Binti yangu akifunga hunitafuta kwa macho upande wa maadui, akanionyesha kidole kimoja mdomoni. Mimi hunyamaza kama nilivyoamriwa. Insha ninazileta bado, ila sijasahihisha hata moja.